Ekari Tano kwa Kila Nyumba

Renata Wojcik angeweza kuituma ile ripoti kwa kompyuta kama alivyotuma nyingine zote, lakini hii aliileta kwa mkono. Aliegesha gari la wilaya kando ya barabara, akapanda ngazi za nyumba ya Idella Brekhus na buti zake zimejaa tope la Aprili, na alipokaribishwa ndani hakukaa mpaka alipoambiwa mara ya pili. Alikuwa mtaalamu wa maji wa wilaya, mama wa watoto wawili, lakini mbele ya Idella alirudi kuwa msichana wa shule. Nusu ya kata ya Nordby ilikuwa hivyo. Idella alikuwa amefundisha biolojia katika shule ileile kwa miaka thelathini na mmoja, akastaafu, na bado watu wenye mvi walimwita Mwalimu wakikutana naye dukani.

"Nilitaka uisome kabla ya mkutano," Renata alisema. "Sikutaka uisikie mbele za watu."

Idella akammiminia kahawa, akavaa miwani, akaanza kusoma. Renata alikishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa.

Ripoti ilikuwa ya kurasa arobaini na mbili. Ilihusu Kinamasi cha Korongo, ekari mia tatu za maji, ndago na misonobari mifupi, ambacho Idella alikuwa amekulia ukingoni mwake, na ambacho kwa miaka kumi na miwili alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ardhi iliyoundwa ili kukilinda. Alijua kwamba hali si nzuri. Korongo waliokuwa wakirudi kila Machi kwa kelele mpaka mtu ashindwe kusikia redio walikuwa wamepungua hadi jozi mbili, na mwaka uliopita hata hizo mbili hazikutaga. Upande wa kusini vyura walikuwa wamenyamaza. Matete magumu yasiyo ya huku yalikuwa yameziba mahali ambapo zamani mtu aliona maji matupu. Kwa hayo yote Idella alikuwa ameshajipa maelezo: ni ukame, ni majira kuvurugika, ni yale mashamba makubwa ya mahindi ya juu yanayomwaga mbolea mtoni. Alitarajia ripoti iseme hivyo.

Ripoti ilisema ni nyumba. Kulikuwa na nyumba sitini na moja kuzunguka kinamasi, na hakuna hata moja iliyokuwa na kosa. Kila moja ilikaa kwenye ekari zake tano, kama sheria ilivyotaka. Kila moja ilikuwa futi mia moja kutoka majini, kama sheria ilivyotaka. Lakini nyumba iliyo katikati ya ekari tano inahitaji njia yake ndefu ya kuifikia, na njia ndefu inahitaji mtaro na kalavati, na ile mitaro sitini na moja ilikuwa imezikata chemchemi ndogondogo zilizokuwa zikishuka kutoka kilimani chini ya udongo na kukinywesha kinamasi. Maji yale sasa yalikwenda moja kwa moja mtoni. Kila nyumba ilikuwa na kisima chake cha mashine na shimo lake la maji taka. Kila nyumba ilikuwa na nyasi zilizotiwa mbolea na kukatwa mpaka ukingoni kabisa, kwa kuwa sheria ilikataza kujenga ndani ya zile futi mia. Kukata nyasi haikukataza. Maji ya kinamasi yalikuwa yameshuka inchi ishirini na mbili. Na kwenye ukurasa wa thelathini na nane, Renata alikuwa ameandika kwamba kama nyumba zilezile zingejengwa zikiwa zimekaribiana, kule juu kando ya barabara kuu, kinamasi pengine kisingejua kwamba zipo.

Idella aliisoma sentensi hiyo mara tatu.

"Hapa," alisema, akiweka kidole. "Una hakika?"

"Nimekwenda kupima misimu mitatu, Mwalimu. Nilitaka nionekane nimekosea."

"Kwa hiyo si kwamba watu wamevunja sheria."

Renata akatazama ndani ya kikombe chake. "Wameifuata," alisema. "Ndiyo shida yenyewe. Wameifuata wote."

Sheria ile ilikuwa ya Idella. Si kwamba aliitunga peke yake, maana kulikuwa na kamati na mwanasheria na mikutano isiyohesabika, lakini kila mtu Nordby aliiita sheria ya Mwalimu. Miaka kumi na miwili nyuma, watu wa jiji la Madison walipoanza kupanda huku wakitafuta ukimya, na madalali wakaanza kubisha hodi kwenye nyumba za wakulima waliochoka, yeye ndiye aliyeamka. Alitembea nyumba kwa nyumba kwenye theluji akigawa karatasi aliyoichapa mwenyewe, yenye maneno makubwa juu: Ekari Tano kwa Kila Nyumba, Kinamasi kwa Wote. Aliwaambia watu kwamba kinachoua mashambani ni msongamano. Nyumba zikitawanyika, alisema, ardhi itapumua. Aliliamini hilo kwa moyo wake wote. Kila mtu mwenye akili aliliamini wakati ule.

Aliyepinga alikuwa kaka yake.

Orrin Brekhus alikuwa amerithi shamba la wazazi wao, ekari tisini kati ya barabara na kinamasi, na ng'ombe sitini wa maziwa. Magoti yake yalikuwa yamekwisha na hakuwa na mtoto wa kumwachia kazi. Kwenye mkutano wa mwisho alisimama na ramani aliyoichora kwa penseli nyuma ya kalenda ya wauza chakula cha mifugo. Alitaka ruhusa ya kuuza viwanja kumi na viwili vidogo, vyote pamoja, kwenye ekari kumi na tano za kando ya barabara ambako udongo ni changarawe. Ekari sabini na tano zilizobaki zingekaa malisho kama zilivyokuwa. Alieleza kwa sauti ya chini, akisitasita, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema mbele ya watu.

Idella alikuwa na kipaza sauti. Alisema, "Kaka yangu anataka kutuletea mji, na kila mji unakuja na kinyesi chake."

Ukumbi mzima ulicheka. Orrin aliikunja kalenda yake mara mbili, akaketi.

Sheria ikapita. Orrin, kwa kuwa asingeweza kuuza viwanja vidogo, aliuza vikubwa. Viwanja kumi na viwili vya ekari tano vikameza ekari sitini, na wanunuzi hawakutaka kando ya barabara, walitaka kuona maji. Kilichobaki kilikuwa vipande vilivyotenganishwa na njia za magari, visivyoweza kulisha kundi. Mwaka wa tatu akawapiga mnada ng'ombe, akauza na vile vipande, akahamia kwenye nyumba za wazee mjini, ghorofa ya pili, nyuma ya duka la dawa. Tangu hapo yeye na dada yake walionana Krismasi na kwenye mazishi.

Baada ya Renata kuondoka, Idella aliketi na ile ripoti mpaka kahawa ikawa barafu. Kisha akafanya alichojua kufanya. Akachukua kalamu na kuanza kuandika sheria mpya.

Haikuwa kubwa. Upande wa kaskazini wa kinamasi zilikuwa zimebaki ekari arobaini ambazo hazijaguswa, shamba la mjane mmoja aitwaye Thea Lindgren, na chemchemi za upande ule zilikuwa bado hai. Idella alipendekeza kwamba atakayejenga huko ajenge juu, nyumba zikikaribiana, zikitumia njia moja na kisima kimoja, na chini paachwe. Na kwa zile nyumba sitini na moja za zamani, alipendekeza watu waache kukata nyasi kwenye futi hamsini za mwisho kabla ya maji. Futi hamsini tu. Aliandika barua sitini na moja kwa mkono, akieleza, na kwenye kila moja akaandika sentensi ambayo ilimgharimu juma zima kuipata: Nilikosea, na kinamasi ndicho kinacholipa.

Mkutano ulikuwa Juni, jioni ambayo jua lilikuwa bado juu ya ghala za nafaka. Idella alifika mapema kupanga viti na akakuta viti vyote vimeshakaliwa. Watu walikuja na watoto wao, na viti vyao vya kukunja, na vinywaji kwenye masanduku ya barafu, kama watu waliokuja kutazama mpira. Mwanzoni alifurahi. Kisha akaona vile walivyokwepa macho yake.

Renata alieleza ripoti kwa dakika ishirini, na watu walimsikiliza kwa heshima. Idella akasoma mapendekezo yake. Halafu Corinne Maddigan akaomba nafasi. Corinne alikuwa daktari wa meno mstaafu aliyejenga kwenye lililokuwa shamba la mahindi la Orrin, mwanamke mpole aliyekuwa akimletea Idella mkate wa maboga kila vuli. Alikuwa na karatasi ya zamani mkononi, imepauka kwenye mikunjo.

"Nilipewa hii na dalali siku niliyonunua," alisema. "Naomba nisome. 'Hatutaki kuishi kama watu wa mjini, ukuta kwa ukuta. Nyumba na iwe na nafasi yake, na anayeishi ndani yake atakipenda na kukilinda kilicho mbele ya dirisha lake.'" Aliinua macho. "Ni maneno mazuri, Mwalimu. Mimi nilihama kwa ajili ya maneno haya. Sasa unatuambia tuwe na nyumba ukuta kwa ukuta, na tusiguse mbele ya madirisha yetu?"

Idella alisema kwamba maneno yale alikuwa ameyaandika yeye na kwamba yalikuwa na kosa ndani yake. Akaanza kueleza chemchemi zinavyotembea chini ya udongo. Alikuwa amelieleza jambo hilo darasani mara mia, na kwenye viti aliwaona watu waliokuwa wamepata alama nzuri kwa kulijua. Haikusaidia. Mmoja alisema nyasi ndefu zinaleta kupe, na kupe wanaleta maradhi, na yeye ana watoto. Mwingine alisema alilipia ekari tano, na futi hamsini kwenye ekari tano ni ardhi yake. Mwingine akauliza kwa nini shamba la Bi Thea libanwe wakati wao hawakubanwa, na Bi Thea mwenyewe, aliyekuwa ameketi mbele na fimbo yake magotini, akasema hataki upendeleo ila hataki kuonewa.

Kisha Lyle Dombrowski, fundi wa matrekta, akainuka kutoka nyuma. "Mwalimu, ulinifelisha kwenye mtihani wa vyura mwaka wa sabini na nane. Leo nimesoma ripoti yote, kurasa zote arobaini na mbili, na mimi nakupa sifuri. Usichukie. Fanya tena mwakani."

Watu wakacheka, bila ubaya, kwa sababu Lyle alikuwa mtu wa mzaha na alimpenda Mwalimu. Idella alikijua kicheko kile, maana ukumbi ulikuwa uleule. Alitazama karatasi zake mpaka kikaisha.

Wajumbe wanne wa kamati walipinga. Yeye peke yake aliunga mkono. Haikuchukua hata dakika.

Na ajenda haikuwa imekwisha. Lililofuata lilikuwa ombi la kugawa shamba la Bi Thea viwanja vinane vya ekari tano, kila kimoja na njia yake. Idella, kama mwenyekiti, ndiye aliyetakiwa kulisoma. Alilisoma. Umbali kutoka majini ulitimizwa. Ukubwa wa viwanja ulitimizwa. Mwanasheria wa kata, aliyekuwa ameketi kando yake, alimnong'oneza kwamba ombi linalotimiza masharti yote haliwezi kukataliwa, na kwamba kulikataa ni kuiburuza kata mahakamani, na kata ina trekta moja la theluji na karani wa nusu siku. Idella alilijua hilo. Kifungu kile alikuwa amekidai yeye mwenyewe, zamani, ili madiwani wasiweze kuwapendelea jamaa zao.

"Wanaokubali?" aliuliza.

Mikono minne iliinuka. Akasubiri kidogo, akainua na wake.

Juma moja baadaye alikwenda mjini kumwona kaka yake. Alimkuta dirishani, fremu yake ya kutembelea ikiwa mbele ya magoti, akitazama magari yanayoegeshwa. Chumba kilikuwa na joto na harufu ya dawa ya kuchua. Hakukuwa na picha ya ng'ombe hata moja ukutani, na Idella alikuwa ametarajia kuikuta.

"Nani kafa?" Orrin aliuliza.

"Hakuna aliyekufa."

"Na Krismasi bado. Basi kaa."

Alikaa kitandani, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja. Akampa ripoti, ikiwa wazi ukurasa wa thelathini na nane, na Orrin akaisoma polepole akiisogeza mbali na macho, kisha akafunua mpaka kwenye ramani. Idella akaanza kusema aliyoyaandaa njiani. Alisema kwamba ile ramani ya nyuma ya kalenda ilikuwa sahihi. Alisema kwamba Orrin alikuwa ameona jambo ambalo yeye, na vyeti vyake vyote, hakuliona, na kwamba kinamasi kingekuwa hai leo kama angemsikiliza. Alikuwa karibu kulia, na hilo lilimwudhi.

Orrin akamrudishia karatasi.

"Usinipe sifa isiyo yangu," alisema. "Mimi sikujua lolote kuhusu chemchemi. Nani kakwambia nilikuwa nafikiria kinamasi? Nilitaka kubaki na ng'ombe thelathini, Idella. Basi. Nilihesabu malisho, nikaona ukiziweka nyumba barabarani, nabaki na ya kutosha ng'ombe thelathini. Mtu mmoja na magoti mabovu anaweza ng'ombe thelathini."

Idella aliikunja ripoti. Alikuwa amekuja na kosa moja mkononi, na sasa yalikuwa mawili.

"Hukuniambia," alisema mwishowe.

"Nilikuwa nakuja kwenye hilo. Ukasema lile la kinyesi." Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa ya mwaka fulani. "Lyle Dombrowski aliniita Meya mpaka nahama. Kila nikienda kutengeneza trekta. 'Karibu, Meya.' Na wewe, umekuja nikusamehe?"

"Sijui nimekuja kufanya nini, kaka."

Orrin akatazama nje. Gari jeupe lilikuwa linahangaika kuingia kati ya mawili mengine. "Nipeleke nikaone," alisema. "Tangu niondoke sijafika."

Walikwenda alasiri ileile. Safari haikuwa ndefu, maili tisa, na walipokata kona ya kanisa nyumba zikaanza, moja baada ya nyingine, kila moja mbali kule mwisho wa njia yake nyeusi. Orrin akawa anazihesabu kwa midomo. Idella aligeuza gari kuingia njia ya nne, kwa sababu huko ndiko lilikokuwa zizi la kuzalia ndama na ardhi ilishuka taratibu mpaka majini, na alifikiri kwamba kaka yake angeweza kutembea.

Kulikuwa na nyasi fupi za kijani, laini kama zulia, futi mia moja na zaidi, kisha ukuta wa matete makavu. Orrin aliburuza fremu yake juu ya nyasi mpaka kwenye matete na kusimama. Hapo zamani mtu aliposimama pale maji yaliingia kwenye viatu. Orrin alikanyaga, akakanyaga tena kwa nguvu. Pakavu. Akaondoa mkono mmoja kwenye fremu, akatenga matete, akachungulia, na Idella, aliyekuwa nyuma yake, aliona tu matete mengine. Palikuwa kimya. Kwa mbali mashine ya kukata nyasi ilinguruma, ikazimwa, na mwenye nyumba akaja akitembea haraka kidogo, kama mtu anayetaka kujua wageni hawa ni akina nani.

Aliitwa Devin Pruitt. Alikuwa na umri wa kama miaka arobaini, mfanyakazi wa kompyuta aliyefanyia kazi zake nyumbani, na alipowatambua uso wake ukafunguka. Alimshika Idella mkono kwa mikono yake yote miwili. Alisema samahani hakuweza kuja mkutanoni, alikuwa safarini. Alisema hata hivyo siku zote alikuwa anataka kumshukuru, kwa sababu yeye na mke wake walitafuta miaka miwili, wilaya tano, na hapa ndipo mahali pekee palipokuwa na sheria iliyowahakikishia kwamba mandhari haya hayatabadilika kamwe.

"Watoto wangu wanakua kama ulivyokua wewe," alisema. "Asante, Mwalimu. Kwa kweli."

Alikuwa anasema kweli. Idella alitafuta usoni pake hata chembe ya kejeli ili apate pa kushikia, na hakuipata.

"Karibu," alisema.

Devin akawaletea viti na chai ya barafu. Akaeleza kwamba wana tatizo dogo, kisima kimeanza kutapika tope, pampu inavuta hewa, na majirani wawili nao hivyohivyo. Mchimbaji alikuwa amemwambia wachimbe upya, wazame zaidi, ila hakujua wapi. Na Orrin, ambaye hakuna mtu aliyemwuliza jambo lolote la ardhi kwa miaka tisa, akaketi wima.

"Uliona ule mwerezi uliopinda, kule kwenye mpaka wako na wa jirani?" alisema. "Chimba pale. Mwaka wa ukame baba yetu alipachimba kwa koleo, futi kumi na nane tu, akanywesha ng'ombe sitini mpaka theluji ikaanguka. Yale maji hayajawahi kukauka."

"Orrin," Idella alisema.

Alijua mahali pale. Palikuwa kwenye ramani ya ripoti, ukurasa wa ishirini, alama ya bluu, chemchemi ya mwisho ya upande wa kusini ambayo hakuna mtaro ulioigusa. Ndiyo iliyokuwa ikilisha kile kidimbwi kilichobaki ambako zile jozi mbili za mwisho za korongo zilikuwa zimejaribu kujenga viota.

Orrin alimgeukia. Alikuwa anajua pia. Alikuwa ameisoma ripoti muda mfupi tu uliopita, na hakuwa mjinga. "Mtu ana watoto ndani ya nyumba," alisema taratibu. "Anataka maji ya kunywa. Unataka nimwambie nini?"

Idella alifungua kinywa. Alitafuta kifungu, umbali, sababu yoyote ambayo angeweza kuitaja mbele ya mtu huyu mwema mwenye jagi la chai mkononi, na kila alichokipata kilikuwa kimeshapigiwa kura. Devin alikuwa ameshatoa simu yake na anapiga picha ya mwerezi.

Mashine ilichimba siku mbili, Agosti. Haikuhitaji kupita kwenye kamati. Kibali cha kisima hutolewa kwenye dirisha la wilaya kwa dakika kumi. Maji yalitoka safi, na majirani wawili wakaomba wavute bomba kutoka palepale. Orrin aliletewa kikapu cha jibini na soseji kule ghorofani, pamoja na kadi iliyotiwa sahihi na familia tatu. Alimpigia Idella simu kumweleza. Walizungumza dakika chache, juu ya jibini. Baada ya hapo walianza kupigiana kila Jumapili, na hawakuzungumza juu ya kinamasi tena, wala ng'ombe. Idella hakujua kama huko ndiko kusamehewa. Hakuuliza.

Novemba Renata alimpigia, na Idella alijua kwa jinsi alivyovuta pumzi kwamba ni jambo la kuelezwa kwa sauti. Wilaya ilikuwa imechora ramani upya. Kisheria ardhi huitwa oevu kwa kuangalia udongo wake, mimea yake na kina cha maji, na upande wote wa kusini, ekari mia moja na kumi, haukutimiza tena.

"Umewekwa kundi gani?" Idella aliuliza.

"Ardhi kavu. Inafaa kujengwa." Renata akageuza karatasi. "Na kwa kuwa si ardhi oevu tena, zile futi mia moja hazihusiki huko. Nilipinga, Mwalimu. Nataka ujue nilipinga. Waliniuliza kama vipimo vyangu ni sahihi, nikasema ndiyo."

Ramani ilifika kwa posta, imekunjwa ndani ya bomba la karatasi. Sheria ilitaka ibandikwe mahali pa wazi kwa siku thelathini, na mwenyekiti ndiye anayebandika. Jumamosi asubuhi Idella aliibandika kwenye ukuta wa ukumbi kwa pini nne, akainyoosha kwa kiganja. Alikuwa hajamaliza kuvaa koti watu walipoanza kuingia, Corinne, na Lyle, na vijana wawili aliowafundisha ambao majina yao yalimtoka, wakikung'uta theluji viatuni. Walimsalimia, wakasimama mbele ya ramani bega kwa bega, kila mmoja akitafuta kwake kwa kidole. Corinne akageuka, akamwuliza kama ana kalamu, apate kuweka alama mahali anapoweza kujenga sasa.

Idella akampa.